Kazi ya Mama Isiyoandikwa



Bibi zetu wa Songo Songo walishukia mwambani maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, wakachokoa pweza kwa mti, kisha wakarudi kupika. Kilihesabiwa kitoweo tu. Leo pweza ni fedha, wanaume nao wanamzamia kwa miwani, na mama anatazamiwa alete pesa ya sare na daftari. Jikoni hajapunguziwa kitu.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa rufaa yenyewe ilishindwa. Sisi kwenye fomu za mradi tumeendelea kuandika "mama wa nyumbani, hana kazi". Robo mwaka ijayo tunaongeza safu ya saa zake.