Simu Husoma Kibandiko, Magunia Tuyahesabu Sisi
(Hotuba kwa wafanyakazi wa maghala waliokutana Namoruputh)



Tumekuja kusema nanyi habari ya simu za kusomea mizigo, zinazoshika mahali pa daftari katika maghala ya chakula.

Hatuzikatai. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, wachukuzi na makarani wamehesabu magunia kwa kidole na kalamu, jua kali, vumbi machoni. Simu hupunguza taabu hiyo. Karani huielekeza kwenye kibandiko chenye mistari myeusi, nayo hupeleka hesabu ofisini bila waya.

Lakini tuifahamu kazi yake. Simu husoma kibandiko tu. Haioni gunia lililopasuka wala pengo katikati ya rundo. Tani 30 ni magunia 600 ya kilo 50. Kibandiko cha rundo kikisema 600, na magunia yakiwa 596, simu itaandika 600. Tena mtandao ukikatika, hesabu hukaa ndani ya simu mpaka mtandao urudi. Kwa saa hizo ghala lina hesabu yake, na ofisi ina yake.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja alipotaka kuumia. Asubuhi alitoa magunia 40 kwa hati halali. Mchana akaja mkaguzi. Hesabu ya ofisi ikazidi ya ghala kwa magunia 40. Akaitwa mwizi mbele ya watu, akaambiwa atalipa. Jioni mtandao uliporudi, hesabu zikalingana. Lakini kabla ya hapo, kilichomwokoa ni nakala ya hati yenye sahihi ya dereva, iliyokuwa mfukoni mwake.

Kwa hiyo, ndugu, tunawaomba mshike haya:

1. Hesabuni magunia kwanza, watu wawili pamoja, ndipo simu isome.
2. Andikeni saa na idadi katika kadi ya rundo, na kila mmoja aweke nakala ya hati yenye sahihi.
3. Usimpe mwenzako simu iliyofunguliwa kwa jina lako. Atakachofanya kitaandikwa juu yako.
4. Jueni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, huruhusu mshahara ukatwe kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la mfanyakazi la kukusudia. Kuchelewa kwa mtandao si kosa lako. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa la kazini uelezwe sababu kwa lugha unayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mjumbe wa chama uliyemchagua mwenyewe, na msikilizwe.

Tunataka wenye kazi wakubali kwa maandishi: hesabu zikitofautiana, magunia yahesabiwe upya kabla mtu hajashtakiwa. Hilo ndilo dai letu. Tulidai pamoja.