Nani Mwingine Ameona? Historia ya Kupima Tabia Gombe

Ukiondoka mwalo wa Katonga kwa boti, ukavuka ghuba ya Kigoma na kuiacha Kibirizi upande wa kulia, milima inayokuja mbele yako ni ya Gombe. Wengi tunaijua kwa sokwe wake na kwa Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025. Leo tuitazame kama mahali ambapo watu walijifunza kupima tabia. Kusema “huyu mkali, yule mpole” hakumshindi mtu. Kumfanya asiyekuwapo aamini ndiyo kazi.

Goodall alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake na mpishi Dominic Bandora. Aliyemtuma ni mwanaakiolojia Louis Leakey, na wakati huo Goodall hakuwa na shahada yoyote. Novemba mwaka huohuo alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka majani membamba kwenye kichuguu, akiyatoa na kula mchwa walioyang’ang’ania. Baadaye aliwaona sokwe wakipukutisha majani ya kijiti ili kukitengeneza. Wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye hutengeneza zana.

Utauliza: sokwe wachache hivyo walitosha? Kwa dai lile, walitosha. Anayesema “hakuna kabisa” huangushwa na mfano mmoja ulioonekana vizuri. Lakini mfano mmoja haukuambii ni sokwe wangapi wanafanya hivyo, mara ngapi, wala kama majike wanazidi madume. Hapo unahitaji kuhesabu, na kabla ya kuhesabu lazima ujue unamhesabu nani na wapi.

Hapa ndipo ndizi zilipoleta mtihani. Miaka ya mwanzo sokwe waliwakimbia watu, basi kambini wakaanza kuwekewa ndizi. Wakaja, wakazoea, wakaandikwa. Ila walikuja wengi kwa wakati mmoja, nyani nao wakafika, na ugomvi ukazidi. Mwaka 1974 mtafiti Richard Wrangham alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba ulishaji ule ulibadili mienendo yao na kuongeza ukali. Ndugu zangu wavuvi wa Katonga mnalielewa hili bila mwalimu: dagaa wanaojaa chini ya taa usiku wa giza hawakuonyeshi ziwa zima lilivyo. Umewaita kwa mwanga, wakaja. Ukihesabu pale tu, umehesabu kazi ya taa yako. Ndizi zilipunguzwa, na baadaye zikaachwa kabisa.

Mwaka huohuo wa 1974, Jeanne Altmann, aliyechunguza nyani wa Amboseli nchini Kenya, alichapisha makala ambayo mpaka leo husomwa na wanaojifunza kuchunguza mienendo. Hoja yake ilikuwa kwamba jicho hukimbilia vurugu. Wawili wakipigana, kila mtu anaandika. Kumi wakilala kivulini, hakuna anayeandika. Mwisho wa mwezi daftari linasema wanyama hawa ni wagomvi, kumbe mgomvi ni uteuzi wetu. Dawa ni kuchagua mapema nani wa kutazamwa na kwa muda gani, kisha kuandika anachofanya, hata kama anajikuna tu.

Gombe nayo ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Wafuatiliaji humchagua sokwe mmoja na kumfuata mlimani, ikiwezekana tangu anapoamka kwenye kiota chake hadi anapojenga kingine jioni. Kwenye fomu hutia alama za nani yuko naye na anakula nini. Pembeni huandika maelezo, kwa Kiswahili. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Hilali Matama, aliyeshuhudia Januari 1974 madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama, mwanzo wa vita vilivyolimaliza kundi hilo.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakateka watu wanne waliokuwa wakifanya kazi Gombe. Hatimaye wote waliachiwa, lakini wageni walikuwa wameshaondolewa hifadhini. Kumbukumbu hazikukatika, kwa sababu wafuatiliaji Watanzania waliendelea kupanda mlima kila asubuhi.

Sasa tufike kwenye kupima haiba yenyewe. Mwaka 1973 ilijazwa hojaji kuhusu tabia za sokwe 24 wa Kasakela. Miongo kadhaa baadaye, timu iliyoongozwa na mwanasaikolojia Alexander Weiss, wakiwamo Watanzania Shadrack Kamenya na Deus Mjungu, iliwaomba wafuatiliaji wa Kitanzania, waliokuwa kazini na waliostaafu, wawapime sokwe 128 kwa hojaji nyingine yenye vipengele 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Swali la kwanza: je, wapimaji wanakubaliana? Kama mmoja anamwona sokwe mbabe na mwenzake anamwona mwoga, kipimo hakina maana. Walikubaliana kwa kiwango cha kuridhisha hadi kizuri. Lakini ngoja, msikilizaji. Watu hawa hukaa kambi moja na husimuliana. Je, kama makubaliano ni ya mazungumzo ya jioni? Ndiyo maana swali la pili lina uzito zaidi: alama hizi zinakwenda sambamba na zile za 1973, kwa maswali tofauti? Zilikwenda sambamba. Huo ndio uwiano katika takwimu: aliye juu katika orodha hii huelekea kuwa juu katika ile.

Watafiti hawakuficha upungufu. Makundi ya tabia waliyoyapata hayakueleweka kwa urahisi kama yale ya sokwe wanaofugwa. Kuandika hivyo nako ni sehemu ya kipimo.

Vitabu huwaita wafuatiliaji hawa wasaidizi. Katika utafiti huu wao ndio waliokuwa mizani: hakuna mashine iliyopima ubabe wa sokwe, ni macho na kumbukumbu za watu waliowafuata kwa miaka, yakalinganishwa mtu kwa mtu na zama kwa zama. Basi siku utakaposikia, hata katika redio hii, kwamba “utafiti umeonyesha”, uliza walitazamwa nani, waliitwa kwa ndizi au walifuatwa walipo, na nani mwingine ameona hivyohivyo.