Hesabu si ngumu, lugha ndiyo inayowazuia watoto wetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na viongozi wa wakimbizi Wakongomani, Nakivale, Uganda



Nitaanza na msichana mmoja. Huko Rutshuru alikuwa amefika mwaka wa tatu wa sekondari, na katika hesabu alikuwa wa kwanza. Alipofika hapa Uganda alipewa mtihani wa Kiingereza, akashindwa, akarudishwa shule ya msingi pamoja na watoto wa miaka kumi na miwili. Baada ya miezi miwili aliacha shule. Mama yake aliniambia: «Mtoto wangu amekuwa mjinga njiani.» Nilimwomba msichana atatue hii: 3x + 5 = 20. Akaandika x = 5 kabla sijamaliza kukaa. Ndugu zangu, yule mtoto hakupoteza akili. Alikosa lugha tu.

Tukumbuke kwamba sekondari ya Kongo inafundisha kwa Kifaransa, na ya Uganda kwa Kiingereza. Hata alama zinatofautiana. Sisi tunaandika 12,5. Hapa wanaandika 12.5. Wengi wetu tumezoea kuandika 3.450 kwa elfu tatu mia nne na hamsini. Hapa mwalimu ataisoma kama tatu na kitu. «Billion» ya Kifaransa ni milioni mara milioni, lakini ya Kiingereza ni ile tunayoiita «milliard». Mtoto anaweza kupata jibu sahihi na bado akawekewa alama ya kosa.

Tena kuna maneno yenye sura mbili. «Odd» barabarani ni kitu cha ajabu. Katika hesabu ni namba kama 3, 5 na 7. Na wakisema «7 less than n», mtoto anafuata mpangilio wa maneno na kuandika 7 − n, kumbe jibu ni n − 7.

Tufanye nini? Haya ndiyo tunayowaomba walimu, na ninyi mnaweza kuyaomba pamoja nasi.

Kwanza, kabla ya kumrudisha mtoto nyuma, apewe maswali ya namba tupu, yasiyo na hadithi. Hapo mwalimu ataona kama shida ni hesabu au ni lugha.

Pili, mtoto aruhusiwe kufikiri kwa lugha anayoijua. Wakongomani wawili wakae pamoja, wajadili swali kwa Kiswahili au Kifaransa, halafu waandike jibu kwa Kiingereza. Huko si kupiga kelele, ni kujifunza.

Tatu, swali lenye maneno mengi lisomwe mara tatu, kalamu ikiwa chini. Mara ya kwanza: habari hii inahusu nini? Mara ya pili: wanauliza nini? Mara ya tatu: wametupa namba zipi? Kisha mtoto achore picha kabla ya kuhesabu.

Nne, kila mtoto awe na daftari la maneno: Kiingereza upande mmoja, Kifaransa au Kiswahili katikati, mfano au mchoro mwishoni. Maneno matano kwa juma yanatosha.

Tano, mwalimu amsaidie kuanza sentensi, kwa mfano «First I...» au «I know this because...». Mtoto asiyejua aanzie wapi hunyamaza, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa hajui.

Lakini tusidanganyane. Mtihani wa taifa hapa ni wa Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza lazima kifike. Hatuombi hesabu nyepesi kwa watoto wetu. Tunaomba daraja la kuvukia.

Ninyi wazazi, hata kama hamkusoma, mwulizeni mtoto kila jioni: «Nieleze kwa Kiswahili ulichojifunza leo.» Anayeweza kueleza, ameelewa. Ninyi viongozi, kati yetu wamo waliomaliza Math-Physique huko nyumbani, na leo wanakaa bila kazi. Waombeni wakusanye watoto saa moja, mara mbili kwa juma, kanisani au chini ya mti.

Mwisho, nasema kama mtu wa kazi ya amani. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba ni mjinga hutafuta mahali pengine pa kuheshimiwa, na wenye bunduki wanajua kumpokea. Lakini nimeona pia mtoto wa wenyeji na mtoto wa Kongo kwenye dawati moja, huyu akimfundisha mwenzake Kiingereza, na yule akimwonyesha njia ya hesabu. Jioni wanarudi pamoja. Hiyo nayo ni amani.

Yule msichana tulimwombea nafasi, akapimwa upya kwa namba, akaingia sekondari. Kiingereza chake bado kinachechemea. Hesabu yake haichechemei.