Kuni hazina chama



Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa kandokando ya Goma, wakakata miti ya Parke ya Virunga wapate kupika. Mwaka uleule UNESCO iliiandika parke katika urithi ulio hatarini. Kwenye mikutano ya vyama tumesikia lawama nyingi. Mti hata mmoja haujaota kwa lawama.

Mama mwenye sufuria anataka moto tu. Basi tupande mikaratusi: ukiikata, inachipuka tena. Lakini mwenye shamba anaogopa mkimbizi asije akadai udongo, na hofu hiyo si upuzi. Chefu aandike: miti ni ya aliyepanda, udongo ni wa mwenyewe. Wa serikali na wa upinzani watie sahihi karatasi ileile.