Kisu Kinachotii

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, afisa ugavi serikalini, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi waliopata kusoma shuleni hapa)



Kamati iliniomba nieleze kazi yangu ya ugavi. Nikaona kwamba nikianza na zabuni na hati za malipo, vijana watasinzia kabla ya chakula. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja kidogo cha kutia mfukoni: kisu cha kamani, yaani kile cha kukunja ambacho ukibonyeza kitufe, bapa hufyatuka lenyewe. Sikuja nacho. Sheria ya shule inakataza visu bwenini. Niliitii nikiwa kijana, sina sababu ya kuivunja nikiwa na mvi.

Mwaka 1999, nilipokuwa kidato cha tatu, kaka yangu alikuwa mvuvi katika Ghuba ya Speke. Usiku mmoja walikuwa wakivuta nyavu za makila, upepo ukageuka, kamba ikamzinga kifundo cha mkono wa kushoto na kuanza kumvuta nje ya mtumbwi. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja cha kawaida, kile cha kufunguliwa kwa ukucha. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa, akakifungua kwa meno. Alipoanza kuikata kamba, kisu kile, ambacho hakikuwa na komeo, kikajikunja juu ya vidole vyake. Mwenzake ndiye aliyeikata kamba kwa panga. Kaka alipona, lakini kidole chake cha shahada hakikunjiki mpaka leo. Yumo humu ukumbini, naye ameniruhusu niyaseme haya.

Tangu hapo nilifahamu kwamba kisu cha kufunguka kwa mkono mmoja si pambo. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa miavuli wa Marekani walipewa kisu cha kamani kwa sababu hiyo hiyo: mtu aliyenasa mtini huku mkono mmoja umeshika tawi, aweze kukata kamba za mwavuli kwa mkono wa pili. Lakini kisu hicho hicho kilipoingia mikononi mwa wahuni mijini, watu wakakiogopa. Marekani ilitunga sheria ya kukibana mwaka 1958, na Uingereza ikafuata mwaka 1959. Kwa hiyo anayesafiri ng'ambo aulize kwanza sheria ya huko, na anayepanda ndege asikiweke katika mkoba wa mkononi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka kadhaa baada ya kuanza kazi, ofisi moja niliyoitumikia ilihitaji visu vya mfukoni kwa maafisa wanaokwenda vijijini na mialoni. Nikaandika maneno manne: "Visu vya kamani, thelathini." Aliyetaja bei ndogo kuliko wote akapewa kazi. Haukupita mwezi, kisu kimoja kikafunguka chenyewe mfukoni na kumchana afisa paja. Vingine vikashindwa kukaa wazi. Mwuzaji alileta nilichoandika, wala sikuwa na hoja ya kumrudishia. Nilikuwa nimeisahau ajali ya kaka yangu mwenyewe. Nikakaa chini, nikaandika upya kisu chema kinatakiwa kiweje. Haya ndiyo niliyoandika.

Kwanza, kifunguke pale tu unapotaka. Kitufe kikae ndani kidogo ya mpini, kisitokeze nje kikasukumwa na funguo au sarafu. Kiwe pia na kizuizi cha kutelezesha kwa kidole gumba, ambacho kikiwekwa, kitufe hakibonyei. Kukijaribu ni rahisi: kifunge, weka kizuizi, kitikise, bonyeza kitufe. Kikifunguka, mrudishie mwenye duka.

Pili, kikifunguka kibaki wazi. Hilo ni jambo la komeo, na visu vingi vya bei rahisi huanguka hapo. Shika bapa utikise kushoto na kulia, juu na chini, lisicheze. Kisha gonga mgongo wa kisu juu ya mti, polepole, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Komeo jema halitaachia. Kumbukeni kwamba kamani kazi yake ni kufungua tu. Anayekulinda vidole ni komeo.

Tatu, chuma. Chuma cha pua kikiwa laini mno, makali hayadumu. Kikiwa kigumu mno, humeguka kama kigae. Kwa kisu cha kila siku, ugumu wa 56 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell unafaa. Sisi watu wa ziwa tuchague chuma kisichoshika kutu upesi, chenye kromiamu isiyopungua kama asilimia 11. Hata hicho kifutwe maji, kwa maana hakuna chuma kisichoshindwa na uzembe.

Nne, umbo. Bapa la sentimita 7 au 8 linatosha kukata kamba, kufungua gunia, kumenya kiazi au kupasua sato. Refu kuliko hapo linatisha watu bila kuongeza kazi. Mpini uwe na mikwaruzo ili usiteleze kwa mkono wenye magamba ya samaki, na uwe na tundu la kupitisha uzi, maana kisu kilichoanguka ziwani hakirudi.

Tano, kisafishike. Kuna visu ambavyo bapa hutoka moja kwa moja mdomoni mwa mpini. Vinapendeza macho, lakini vina vipande vingi ndani, na mchanga wetu huingia na kuvikwamisha. Kile kinachofunguka ubavuni ni rahisi zaidi. Kiwe na skrubu, upate kukifungua, kukifuta na kukitia tone la mafuta.

Huenda kijana akasema, mambo hayo ni ya Wazungu. La hasha. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma kwa tanuri za udongo na mivukuto, na majembe yao yakafika kwetu Usukuma. Pale Bujora, Kisesa, kuna nyumba ya mhunzi katika makumbusho, nendeni mkaitazame. Mhunzi yule aliishi karibu na wateja wake. Jembe likivunjika, aliletewa mlangoni. Huko Uswisi, Karl Elsener, aliyeanza kuwapelekea askari visu mwaka 1891, naye alikuwa fundi wa karakana ya kijijini, na visu vyake vikaja kujulikana dunia nzima. Sisi tunalo Shirika la Viwanda Vidogo tangu 1973, na Shirika la Viwango tangu 1975. Kinachotakiwa ni fundi anayejali kidole cha mtu asiyemfahamu, na mnunuzi anayejua kuuliza.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kaka yangu alikuwa na kisu kikali, tena kikali sana. Kilichokosekana ni utii. Vijana, kesho na keshokutwa baadhi yenu mtatia saini ununuzi wa dawa, wa nyaya za umeme, wa breki za mabasi. Msiandike maneno manne. Mwulizeni kwanza atakayekitumia kitu hicho gizani, kwa mkono mmoja, mtumbwi ukiyumba.

Niliponunua visu thelathini vya mara ya pili, cha kwanza kukijaribu alikuwa kaka. Alikilowesha, akakifungua kwa mkono mmoja, akagonga mgongo wake mezani. Akanitazama, akasema, "Hiki nacho ni kisu." Bei yake ilizidi ile ya kwanza mara tatu, nami nilitia saini bila kusita.