Ziara ya Baharini Nayo ni Darasa



Kwa miaka mingi Unguja imepokea wanafunzi wa Kiswahili kutoka nchi za nje. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978, na siku hizi kazi hiyo inaendelea chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Siku za kazi ni ngeli na vitenzi. Mwisho wa juma darasa hupanda gari kwenda Paje, Jambiani au Nungwi kuogelea. Wapo wasimamizi wanaoihesabu siku hiyo kuwa ni mapumziko tu, wakaiacha ijiendeshe yenyewe. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia meta 4. Pwani ya mashariki maji hurudi mbali hata mtu akatembea kwa miguu kuelekea mwambani. Mgeni aliyezoea bwawa la kuogelea huyafuata hayo maji, akizungumza na wenzake, asitazame nyuma. Maji yakianza kujaa huweza kutangulia kwenye vijito vilivyo kati yake na ufuko. Yakipwa, mkondo huvuta kwa nguvu penye mlango wa mwamba, na muogeleaji hodari huchoka kama mwingine yeyote. Mwanafunzi aliyekaririshwa maneno kupwa, kujaa na bamvua, asiambiwe leo maji yanajaa saa ngapi, hajafundishwa.

Tena ufuko huo si uwanja mtupu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani: vigingi hukitwa mchangani, kamba zikafungwa, miche ikaning'inizwa. Maji yakijaa shamba halionekani, na kundi la vijana wanaorukaruka humo laweza kukata kamba za mtu asiye na kipato kingine. Yafaa waingie shambani wakati wa kupwa, kwa idhini, wasikie Kiswahili cha kazi kutoka kwa wenye kazi. Suala la mavazi, ambalo aghalabu huzua manung'uniko mengi, ni jepesi zaidi: nguo za kuogelea huishia ufukoni, hazipiti kijijini.

Kisiwani Changuu wageni huwatazama kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, na jengo la gereza ambalo badala ya wafungwa liliishia kuwa karantini. Ni matembezi mazuri, ila huko huendwa kwa mashua, na si kila abiria ajuaye kuogelea.

Jambo hili wenyeji wanalifahamu kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mamia wakapoteza maisha. Wanawake wengi wa pwani hawakupata kufundishwa kuogelea. Huko Nungwi juhudi za kuwafunza wasichana, kwa mavazi ya stara, zimekwisha kuanza.

Kwa hiyo msimamizi wa ziara awaulize wavuvi habari za maji kabla gari halijaondoka chuoni, amjue kila asiyeweza kuogelea, ahakikishe mashua ina maboya ya kutosha, na ahesabu vichwa wakati wa kuingia majini na wakati wa kutoka.