Dawa ya Sainasi Safarini: Nani Achague?

Msikilizaji, umeshuka basi stendi ya Dodoma, usiku. Pua imeziba, paji la uso na mashavu yanauma, na Mwanza bado mbali. Unakwenda duka la dawa, unaomba antibayotiki ya azithromaisini kwa sababu ni vidonge vya siku 3 tu. Hapo ndipo penye mjadala.

Kwanza, sainasi nyingi huletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Wagonjwa wengi hupona wenyewe. Siku 10 zikipita bila nafuu, au ukipata nafuu kisha ukazidiwa, ndipo bakteria hushukiwa. Hata hapo, chaguo la kwanza kwa kawaida ni amoksilini. Azithromaisini imeshazoewa na bakteria wengi wa sainasi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Mwenye mzio wa penisilini naye asiiguse amoksilini, maana ni ya jamii hiyohiyo. Amwambie muuzaji mapema.

Sasa tumtazame msafiri. Foleni ya hospitali inaweza kula siku nzima, na basi halimngoji mtu. Mimi simlaumu. Lakini jicho likivimba, shingo ikikakamaa au kichwa kikiuma kupita kiasi, tiketi iachwe, aende hospitali usiku huohuo.

Linabaki swali: dawa hizi zinahitaji cheti cha daktari. Je, abiria aliye njiani usiku ataandikiwa na nani?